Kichaka Kina Mtu

Kabla ya mwaka ule wa tisini na nne, Leonsia alikuwa akigombana na watu wa kawaida tu: jirani asiyefunga mbuzi wake, katekista aliyependa kumkumbusha zaka mbele za watu, na shemeji yake Anatory, ambaye kugombana naye hakukuhitaji sababu. Ulikuwa ugomvi wa saizi yake. Ukiisha, mtu unarudi nyumbani unabandika ndizi.

Halafu watu wakavuka daraja la Rusumo. Hujamaliza kumshangaa wa kwanza, wa mwisho bado yuko Rwanda. Kilima cha ng'ambo ya bonde la Mukirizi, ambako juzi tu ulisikia kanga wakiitana, kiligeuka mji. Mji wa turubai za bluu, mkubwa kuliko Bukoba, mkubwa kuliko mji wowote ambao Leonsia aliwahi kuuona, na yeye Mwanza alikwishafika.

Mwanzoni watu wa Mukirizi walitoa. Walitoa ndizi, viazi, mikeka. Leonsia alitoa sufuria, lile kubwa la harusi na misiba, akampa mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Sufuria halikurudi. Tangu siku hiyo kila mkimbizi aliyepita njiani alikuwa, kwa macho ya Leonsia, mtu anayejua sufuria lilipo.

Lakini sufuria lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa kuni.

Wazungu wa msaada walileta mahindi, na mahindi yenyewe mazima, makavu, magumu kama changarawe za barabara. Ukiyabandika asubuhi, jua linakuvuka kichwani nayo bado yanagonga sufuria. Walileta na maharage, nayo yalikuwa mazee kuliko walioyaleta. Chakula wakaleta, kuni wakasahau. Basi mafiga yote ya kule ng'ambo yakageuza midomo kutazama milima.

Ilianza kwenda miti mikubwa, ikafuata midogo, vikafuata vichaka. Mwenye akili angesema sasa basi, wamekwisha. Wakarudi na majembe wakachimba visiki. Baada ya visiki wakafuata mizizi ardhini kama mtu anayemfuata panya. Nyasi za kuezekea zikaenda, miiba ya uzio ikaenda. Nyani waliokosa pa kulala walihamia kwenye migomba ya Leonsia, wakaishi humo kama wapangaji wasiolipa. Nyuki waliondoka bila kuaga. Mvua za vuli zilipokuja zikakuta kilima uchi, zikakichubua, zikamwaga udongo mwekundu juu ya viazi vya watu bondeni.

Na maji. Chemchemi ya Mukirizi ilikuwa inajaza dumu kabla hujamaliza kumsalimia jirani. Sasa dumu lilijaa ukiwa umemaliza kuusengenya ukoo wake wote.

Hata hivyo ilikuwa inajaza, kwa sababu moja tu. Juu yake kilibaki kichaka cha Leonsia, mikuyu na misambya iliyoshikana mabega, kivuli kimoja cheusi katika kilima kilichonyolewa. Baba mkwe wake alikilinda, mumewe Celestini akakilinda, na Celestini alipofariki kilibaki kwa Leonsia. Mtoto wao wa pekee, Claudia, alikuwa ameolewa Nyantakara. Hapo ndipo Anatory, mdogo wa marehemu, alipoanza kukitazama kile kichaka kama mtu anavyotazama nyama ya jirani inayochemka.

"Shemeji," alikuwa akisema, "wewe unakitunza tu. Mali ni ya ukoo."

"Na ukoo umewahi kuja kupalilia?"

"Kichaka hakipaliliwi, shemeji."

"Ndiyo maana unakipenda."

Anatory alikuwa mchoma mkaa. Lori la Abbasi, mfanyabiashara wa Lusahunga, lilipandisha Mukirizi kila baada ya siku chache kuchukua magunia, na miti ya Anatory mwenyewe ilikuwa imeisha zamani. Mkaa uliendelea kutoka. Hakuna aliyeuliza unatoka wapi, kwa kuwa mwaka ule jibu la kila swali lilikuwa moja: wakimbizi. Msitu umekwisha, wakimbizi. Maji yamepungua, wakimbizi. Mbuzi kavunjika mguu, wakimbizi. Leonsia naye alikuwa hodari wa jibu hilo kuliko wote. Moshi wa matanuri ya Anatory aliuona kila asubuhi akafagia uwanja wake bila neno. Mkaa wa shemeji ulikuwa shughuli. Kuni za wageni zilikuwa wizi.

Siku moja ya kiangazi, jua likiwa utosini, alisikia panga.

Halikuwa mbali. Alitoka na mpini wa jembe mkononi, akapanda kwenye kichaka mbio kuliko umri wake ulivyoruhusu, akamkuta mtu. Mwanaume mrefu, mkavu, shati limebaki kola na vifungo, anakata msambya wa pembeni. Ulikuwa umekwisha kuinama.

"Wewe!"

Mtu aligeuka. Hakukimbia, na hilo lilimchukiza Leonsia zaidi. Mwizi mwenye adabu hukimbia.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo ya nini? Nani kakuambia ukate hapa?"

Alizungumza Kihangaza, naye mtu akajibu kwa Kinyarwanda. Lugha hizo mbili zinaelewana kabisa, kwa hiyo matusi hayakuhitaji mkalimani.

"Nakata kuni, mama. Watoto wanakula nini?"

"Wale mahindi mabichi! Nilikuzalia mimi? Mlimaliza miti ya kwenu, mkavuka mto na mapanga yenu kuja kumaliza ya kwetu. Wala sijui hilo panga limekata nini kule mlikotoka."

Mtu alilitazama panga. Kitu kilipita usoni kwake, Leonsia hakujua kama ni hasira au ni nini, kikapita kikaenda.

"Hili panga," alisema mtu taratibu, "nimepewa hapa hapa kwenu."

"Mwongo! Lete hapa."

Akanyoosha mkono. Jambo la ajabu, mtu akamkabidhi, tena kwa mpini. Leonsia, ambaye alikuwa amejiandaa kwa vita, alibaki ameshika panga na mpini wa jembe, hana pa kuvipeleka.

"Jina lako nani?"

"Nshimiyimana."

"Nshimiyimana, nikikuona tena hapa nitakukata wewe. Na umwambie mkeo arudishe sufuria langu."

"Sufuria gani?"

"Nyote mnalijua!"

Alishuka na panga lake la ushindi, akalichomeka kwenye paa la jiko.

Siku chache baadaye wanawake walikuja kumsaidia Leonsia kupura maharage. Walikuwa uwanjani, vumbi mpaka kwenye kope, jirani yake Dafroza akiwaongoza kwa soga kuliko kwa fimbo, mara Nshimiyimana akatokea njiani. Begani amebeba kibuyu kikubwa. Amevaa shati la mtu mwingine, linaonekana kwa jinsi mikono ilivyoishia viwikoni.

"Huyo mwizi wako," alisema Dafroza. "Amefuata panga."

"Afuate aone."

Lakini Nshimiyimana hakutaja panga. Alitua kibuyu katikati ya uwanja, akapiga magoti, akatoa mrija mfukoni, akauchovya, akaonja kwanza yeye. Kisha akampa Leonsia ule mrija kwa mikono miwili, macho chini. Harufu ya rubisi, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, ikaenea uwanjani, na fimbo zote za maharage zikasimama hewani.

Sasa tumwelewe Leonsia. Koo lake lilikuwa limejaa maganda. Na zaidi ya koo, tangu Celestini afariki hakuna mtu aliyempigia magoti. Anatory alikuwa anaingia uwanjani mwake kama anaingia chooni, bila hodi. Na hapa mwanaume mzima yuko chini, wanawake wote wa Mukirizi wanatazama. Faini, Leonsia alijiambia. Mtu anajua kosa lake, analipa faini. Akauchukua mrija akanywa. Alikunywa kwa pumzi ndefu, akapumzika, akarudia.

"Imezidi uchachu kidogo," alisema, "lakini inapita."

Wanawake wakacheka. Akampa Dafroza mrija, Dafroza akanywa, akarudisha, Leonsia akampa mwingine. Harufu ilikuwa imekwisha kufika kwa Anatory, kwa maana pua ya Anatory kwa rubisi ilikuwa nzuri kuliko ya mbwa kwa mfupa. Alitokea nyuma ya nyumba akiwa ameshakunja mikono ya shati.

"Shemeji, mnasherehekea nini bila mimi?"

"Mwizi kaniletea faini," alisema Leonsia kwa fahari, akampa mrija kwa mkono wake.

Anatory alimtupia Nshimiyimana jicho moja la haraka, jicho ambalo Leonsia angelikumbuka baadaye. Kisha kiu ikashinda. Akanywa mpaka mashavu yakagusana ndani.

Nshimiyimana alisubiri mrija uzunguke wote. Ndipo akainuka, akajipangusa magoti, akauliza kwa heshima zote:

"Ahsante, mama. Basi, nilime wapi?"

Wanawake wakaweka fimbo chini.

Kila aliyekuwepo pale alijua alichouliza. Pande zile, zote mbili za mto, mtu asiye na ardhi akitaka kulima kwa mwenye ardhi hapeleki karatasi. Anapeleka pombe. Anaonja yeye kwanza ijulikane haina ubaya, anampa mwenye shamba mrija kwa mikono miwili. Mwenye shamba akinywa amekubali, na wale anaowapa mrija kwa mkono wake wakinywa ni mashahidi. Aliyeleta pombe anaitwa mgererwa. Atalima, atatoa sehemu ya mavuno, atalinda mali ya mwenye shamba kama mali ya mama yake. Mababu walipewa ardhi hivyo. Celestini mwenyewe alikwisha kupokea vibuyu vya namna hiyo, Leonsia akiwa jikoni. Na hapo ndipo lilipokuwa kosa. Alikuwa ameona vibuyu vikiletwa maisha yake yote, lakini havikuwahi kuletwa kwa mwanamke, kwa hiyo hata kimoja kilipotua mbele ya miguu yake hakukitambua.

"Umenitega!" alipiga kelele.

"Mama, nani alikushika shingo? Tena ulirudia."

"Nilidhani faini!"

"Faini ya mti mmoja, kibuyu kizima?" Nshimiyimana alitazama wanawake kama anayewaomba waamue. "Kwetu mti mmoja faini yake kikombe."

Dafroza alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika. Leonsia aliingia jikoni kuchomoa panga. Alipotoka, mgererwa wake alikuwa ameshafika mbali. Kibuyu alikuwa amekiacha.

Kesi ikapelekwa kwa Ansbert, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyeamua mambo polepole kwa sababu alipenda kuona watu wakigombana. Aliwaita Jumapili baada ya ibada, pale pale penye chemchemi, ili kichaka kionekane. Walikuja wengi kuliko waliokuwa kanisani.

Leonsia alikuja na maneno yake tayari. Angesema alikunywa bila kujua. Mtu aliyekunywa bila kujua hana deni, mkimbizi arudi kwenye turubai lake, yaishe. Tatizo lilikuwa kwamba Anatory aliomba kuanza.

"Mwenyekiti," alisema Anatory, na alikuwa amevaa koti, "mimi niko upande wa shemeji yangu. Huyu mgeni hana haki yoyote. Mwanamke hapokei mgererwa. Hilo halijawahi kutokea. Alichokunywa shemeji ni pombe tu, kama mgeni yeyote anavyokunywa ugenini. Ardhi ni ya ukoo, yeye anatunza. Na kwa kuwa imeonekana sasa kwamba hawezi kuilinda, mpaka wezi wanampigia magoti, mimi kama mwanaume wa ukoo nitakichukua kichaka. Nikilinde."

Alitamka neno la mwisho vizuri sana.

 Leonsia aliyatazama maneno yake mwenyewe, yale aliyokuja nayo tayari, akaona yamefanana na ya Anatory. Nilikunywa tu, sikujua. Ni pombe tu.

"Mgeni naye aseme," alisema Ansbert.

Nshimiyimana alisimama. "Mimi nimefanya kazi kwa huyu mzee mwenye koti tangu kiangazi kianze. Namchomea mkaa. Panga nililokatia mti wa mama ni lake, alinipa yeye. Aliniambia hiki kichaka ni cha ukoo, nianze miti ya pembeni isionekane haraka. Lori la Lusahunga linasubiri."

"Mwongo!" alifoka Anatory.

"Panga lina alama ya moto kwenye mpini. Liko jikoni kwa mama. Liletwe."

Halikuhitaji kuletwa. Leonsia alikuwa analiona kila anapopuliza moto: alama mbili za msalaba, zile zile zilizo kwenye majembe yote ya nyumba ya Anatory. Alikuwa ameziona kila siku akakataa kuzisoma. Watu wakaguna. Hakuna aliyeshangaa sana, na hilo nalo lilimuuma.

"Na pombe?" aliuliza Ansbert, akiwa ameanza kufurahia. "Mkimbizi anapata wapi ndizi za kibuyu kizima?"

"Ndiyo malipo ya mkaa, mzee. Hanilipi kitu kingine. Ananipa ndizi."

Kicheko kilichotoka pale kiliwarusha ndege kwenye mikuyu. Anatory alikuwa amekunywa mshahara wa kibarua wake.

"Kimya! Kimya, jamani." Ansbert akajifuta macho. "Haya, mama Claudia. Swali ni moja. Ulikunywa kama mgeni, au ulikunywa kama mwenye shamba?"

Leonsia alisimama. Mbele yake Nshimiyimana, mwizi wake, mtego wake, mwenye shati la kuazima, alikuwa anamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alimchukia. Aliyachukia yale magoti yake ya uongo, akalichukia lile kundi lote lililokaa ng'ambo likitoa moshi. Akageuza kichwa akamwona Anatory akihesabu mikuyu kwa macho. Chini ya miguu yake maji yalikuwa yanatoka kwenye jiwe, membamba kama uzi, lakini yanatoka.

"Nilikunywa," alisema. "Nikarudia."

"Tulisikia. Kama nani?"

"Kama nani tena? Kama mwenye shamba. Mgeni gani anapigiwa magoti? Nilijua ninachokunywa kabla hata hajatua kibuyu." Akamgeukia Dafroza. "Na wewe ukicheka nitakutaja mambo yako hapa."

Dafroza hakucheka.

"Sawa," alisema Ansbert. "Na mrija, baada yako, ulimpa nani?"

"Nilimpa Dafroza, na hawa wote. Mwisho nikampa shemeji. Kwa mkono wangu huu."

Macho yote yakaenda kwa Anatory.

"Nilikuwa na kiu!"

"Hata mimi huwa na kiu," alisema Ansbert. "Ndiyo maana naangalia mkono unaonipa. Umepokea mrija wa mgererwa kwa mkono wa shemeji yako, ukanywa mbele ya watu. Umeshuhudia kwamba shamba ni lake. Sasa unataka nini tena? Nenda nyumbani uvue koti, jua kali."

Serikali hairuhusu mkimbizi kuishi nje ya kambi, kwa hiyo Ansbert akamalizia kwa hekima ya kiofisi: mtu alale kambini, jembe lake lilale kwa Leonsia, na yeye mwenyekiti hajaona kitu.

Leonsia alingoja watu watawanyike, akamwendea mgererwa wake.

"Usifurahi. Utalima ukingo wa chini, pale penye mawe. Kwenye kichaka hukati hata ukuni wa kupigia mswaki. Akija mtu wa kwenu na panga, wewe ndiye utakayemfukuza. Akija mtu wa kwetu, pia. Ndiyo kazi ya mgererwa, au kwenu hamjui?"

"Tunajua, mama. Kwetu pia tunajua kwamba mwenye shamba humpa mgererwa mbegu."

"Mbegu! Nikupe na sufuria?"

Akampa mbegu. Za maharage madogo, zilizobunguliwa. Nshimiyimana alizitazama kiganjani.

"Hizi umezichagua mwenyewe, mama?"

"Moja moja."

Hawakupatana. Watu waliotegemea kuona mapatano walichoka kungoja. Nshimiyimana alikuja asubuhi, akalima mawe yake, akazunguka kichaka na fimbo. Watu wa kambi walipokuja aliwafukuza kwa maneno ambayo Leonsia, akiwa bondeni, aliyasikia na kuyahifadhi kwa matumizi yake. Walimwita mtumwa wa Watanzania. Siku moja walimpiga, akarudi jicho limefumba.

"Wamekupiga watu wako," alisema Leonsia.

"Hata wako walikuja. Wawili. Wale walipiga vizuri zaidi."

Alimpa maji ya chumvi ya kuoshea jicho, akamwambia asichafue bakuli.

Ilikuwa siku hiyo, wamekaa ukingoni, kilima cha ng'ambo kinafuka, ndipo Leonsia alipomchokoza kama kawaida yake.

"Mmezaana mno, ndiyo shida yenu. Mungu aliwapa kinchi kidogo, nyinyi mkakijaza kama gunia."

Nshimiyimana hakukasirika. Alikuwa anatafuna unyasi.

"Kweli. Mti wa mwisho wa kilima chetu ulikatwa nikiwa mtoto. Ulikatwa wa jeneza. Baba aligawanya shamba kwa watoto wa kiume. Kipande changu, ukilala chali, miguu iko kwa kaka yangu. Vurugu zilipoanza watu walikuwa wakisema mambo mengi, nani ni nani, nani ni adui. Mimi nilikuwa nawaona macho. Macho yalikuwa kwenye mashamba."

"Kwa hiyo mmekuja kutuonyesha."

"Tumewaonyesha bure kabisa." Akatema unyasi. "Claudia wako wa Nyantakara, ulisema ana watoto wangapi?"

"Saba. Na wa nane yuko njiani, Mungu akipenda."

"Na baba yao anafungua shamba wapi?"

"Msituni. Nyantakara msitu haumaliziki..." Leonsia akaishia hapo. Akachukua bakuli lake. "Fanya kazi. Hukuja hapa kuhesabu wajukuu zangu."

Msimu ule chemchemi haikukauka. Haikuongezeka pia. Ilibaki uzi, na foleni ya madumu ilizunguka kilima, na kila siku watu waligombana hapo kwa lugha tatu.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita tangazo likatoka: wakimbizi wa Rwanda warudi kwao. Wengine walikimbilia porini, askari wakawageuza. Mji wa turubai ukaanza kukunjwa, barabara ya Rusumo ikajaa watu wamebeba milango, magodoro, kuku. Walibeba hata kuni. Leonsia alisimama njiani akawatazama, mikono kiunoni, akitafuta sufuria lake kichwani kwa kila mwanamke.

Nshimiyimana alikuja mchana huo. Begani ana kibuyu.

Nyuma yake, kwa mbali, anakuja Anatory. Na Dafroza, na wengine, maana hiyo nayo ilikuwa desturi inayojulikana. Mgererwa akiondoka analeta pombe ya kuaga. Mwenye shamba akinywa, amemwachilia, na shamba limebaki tupu, ukoo unaweza kulidai upya. Anatory alikuwa amevaa koti lake.

Nshimiyimana akatua kibuyu. Akapiga magoti, na safari hii hakuyapiga kwa hila. Akaonja. Akanyoosha mrija kwa mikono miwili.

"Mama, wametuita. Niachilie niende."

Leonsia alitazama mrija. Alitazama juu kwenye kichaka, mikuyu iliyoanza kutoa majani mapya, na chini yake kilima kizima kimebaki mashimo ya visiki kama mdomo wa mzee. Akamtazama Anatory, ambaye koo lake lilikuwa tayari linapanda na kushuka.

"Sinywi," alisema.

"Mama?"

"Una masikio? Sinywi. Umelima vibaya, maharage yako yana magugu, na ukingo wa chini hujaumaliza. Unadhani utaniletea kibuyu kimoja uondoke kama mtu aliyemaliza kazi?"

"Mama, askari wako barabarani."

"Nenda na askari. Nani kakuzuia? Lakini kukuachilia sikuachilii. Wewe ni mgererwa wangu, umesafiri. Ukifika kwenu utalala chali, miguu kwa kaka yako, utajua una shamba Mukirizi ambalo hujalimaliza."

Nshimiyimana alibaki na mrija mkononi. Uso wake ulifanya kile ulichofanya siku ya kwanza pale kwenye msambya, kitu kikapita. Safari hii kilichelewa kuondoka. Akauweka mrija juu ya kibuyu, akainuka.

"Mwanamke mbaya wewe," alisema.

"Na urudishe sufuria."

Alishuka njia, akaingia katika ule mto wa watu, na kwa kuwa alikuwa mrefu kichwa chake kilionekana kwa muda, kisha hakikuonekana.

Anatory alisogea. "Shemeji, sasa hii pombe... itaharibika."

"Iguse."

Hakuigusa.

Kibuyu kile kiko nyumbani kwa Leonsia hadi leo, nyuma ya mlango, kimechacha mpaka ukipita karibu macho yanatoa machozi. Limekuja gari la Lusahunga, wamekuja wanaume wa ukoo, amekuja bwana wa misitu mwenye kofia, na hakuna aliyepewa jibu jingine. Wanasimama uwanjani, wanataja kichaka, wanasema mama, eneo lile juu ya maji limekaa tu, halina mtu.

"Lina mtu," Leonsia anasema, bila kuacha anachofanya. "Amesafiri."